Meli za BI zilizokuwa zikija Mombasa na Dar: ziliishia wapi?

Mwana_wa_Kibokoni (Mombasa)

Wakuu, salaam aleikum. Nina swali ambalo limeigawa nyumba yetu tangu Idi, naomba wajuzi mtuamulie.

Babu yangu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo Kilindini miaka ya hamsini na sitini. Akianza habari za meli za kampuni ya British India (BI) hamalizi: Kenya, Uganda, Karanja, Kampala, Amra. Dohani nyeusi, mikanda miwili myeupe, hata gati iliyofunga anakutajia. Sasa juzi kasema Uganda iliungua kwa kombora kwenye vita vya Waingereza na Waajentina. Ami yangu akaruka, akasema si kweli, iliuzwa Taiwan ikakatwa vyuma. Mama naye kaingilia kati eti kaona kwenye simu mojawapo ya meli hizo sasa ni hoteli Dubai. Chai ikapoa, hakuna aliyekubali kushindwa.

Nauliza: hizo meli ziliishia wapi hasa? Mbona haikubaki hata moja ya kuangalia? Na je, vitu vya ndani vinapatikana popote? Nataka kumtafutia mzee kitu chochote, hata sahani.

Dalali_wa_Chuma (Mombasa)

Mpe babu shikamoo yangu. Ami yako ndiye aliyekaribia, ila hadithi kaikatisha mapema.

Kenya na Uganda ni ndugu wa tumbo moja, zote za kiwanda cha Barclay Curle, Glasgow, moja ya 1951 na nyingine ya 1952. Njia yao London, Suez, Aden, halafu huku kwetu Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar, mpaka Beira. Mwaka 1967 vita vya Waarabu na Waisraeli vikafunga mfereji wa Suez, na wakati huo abiria wenye pesa wameshahamia kwenye ndege za jeti. Biashara ikabanwa huku na huku. Kenya haikupewa hata nafasi ya pili. 1969 ikauzwa, ikavunjwa La Spezia, Italia. Meli ya miaka kumi na minane tu! Siku hizi kuna feri zinazopewa rangi mpya zikiwa na umri mara mbili ya huo.

Uganda ilipona kwa sababu ilipata kazi nyingine. Ilipelekwa Hamburg ikageuzwa meli ya wanafunzi, ikawekwa mabweni na madarasa, ikawa inazungusha watoto wa shule wa Kiingereza Mediterania. Aprili 1982 iko safarini, imejaa watoto, ikaamriwa iwashushe Naples. Kutoka hapo ikaenda Gibraltar, ikapigwa rangi nyeupe na misalaba myekundu, ikawa hospitali ya vita vya Falkland. Hakuna aliyeitupia hata jiwe. Ilitibu majeruhi zaidi ya 700, na Waajentina wakiwemo. Iliyoungua kwa kombora ni Atlantic Conveyor, meli ya makontena. Babu hakuota, kachanganya tu, maana zote mbili zilitajwa redioni mwezi mmoja.

Baada ya vita ikabeba askari miaka miwili, kisha ikafungwa mtoni Fal, kusini magharibi ya Uingereza. Mwaka 1986 ikauzwa kwa wavunjaji, ikapewa jina la Triton, ikaenda Kaohsiung, Taiwan, kwa miguu yake yenyewe. Na hiki ndicho kipande ambacho ami hakukijua: ilipofika ikawa inangoja zamu, na mwezi Agosti ikaja tufani waliyoiita Wayne, ikaing'oa ilipofungwa, ikaitupa nje ikalala ubavu. Ikakaa hivyo hivyo mpaka 1992 ndipo mabaki yakaondolewa. Ilipelekwa kuchinjwa, ikafa yenyewe kabla mchinjaji hajanoa kisu.

Zilizobaki ni haraka haraka. Kampala ilivunjwa Taiwan 1971. Karanja ndiyo iliyodumu njia ya Bombay hadi 1976, Wahindi wa shirika la serikali wakainunua, wakaiita Nancowry, ikawa ya visiwa vya Andaman. Nayo ikakatwa huko huko kwao, mwishoni mwa miaka ya themanini.

Sasa nikuambie jambo ambalo hunikera kila nikilifikiria. Babu atazikumbuka pia zile za kampuni ya Union-Castle zilizokuwa zikizunguka Afrika nzima, tatu zinazofanana: Rhodesia Castle, Kenya Castle na Braemar Castle. Kiwanda kimoja, umri mmoja, hali moja. Braemar Castle ilivunjwa Faslane, Uskoti, 1966. Rhodesia Castle ikaenda Kaohsiung 1967. Kenya Castle ikanunuliwa na Wagiriki, watu wa Chandris, wakaipa jina la Amerikanis, ikawa ya starehe, ikatembea dunia mpaka 2001 ilipofikishwa kuvunjwa Alang, India. Zaidi ya miaka thelathini imewapita ndugu zake! Kwa nini? Hakuna sababu ya maana. Siku ilipotangazwa kuuzwa, yuko Mgiriki aliyetaka meli. Siku zilipotangazwa zile nyingine alikuwepo mtu wa vyuma. Watu humu watakwambia meli nzuri huokoka. Si kweli. Inayookoka ni ile iliyokutana na mnunuzi wake kabla ya bei ya chuma kupanda.

Ya mama: hoteli ya Dubai ni Queen Elizabeth 2, ya Cunard. Iko pale tangu mwisho wa 2008, na hoteli ilifunguliwa 2018. Hiyo haikuwa ya njia yetu kabisa.

Muttrah_Sokoni (Muscat)

Nimefurahi kuona uzi huu. Kwetu huku jina lililobaki ni Dwarka. Hiyo nayo ya BI, ya 1947, ikifanya Bombay, Karachi, Muscat, Dubai na kuendelea ndani ya Ghuba. Wazee wetu waliotoka Unguja wakapitia Bombay wengi waliingia Oman kwa meli hizi. Ilivunjwa Gadani, Pakistan, 1982. Ndugu yake Dara haikufika huko: Aprili 1961 ililipuka karibu na Dubai, wakafa watu 238. Mama yangu hadi leo ukimtajia meli anataja Dara kwanza, halafu ndiyo anakuja kwenye safari yake mwenyewe.

Mwana_wa_Kibokoni

Mzee Dalali, Mungu akuzidishie. Nimemsomea babu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema "Basi hiyo Conveyor," akanyamaza. Ami anatembea kifua mbele toka asubuhi.

Lakini hilo jina lako la Dalali wa Chuma limenitia shaka. Umefika Alang mwenyewe? Huwa inakuwaje?

Dalali_wa_Chuma

Nimefika, na ningali naenda biashara inaporuhusu. Mimi si mtu wa meli, ni mtu wa majiko. Mashine za kukandia unga, meza za stenlesi, oveni, milango ya vyumba vya baridi, mashine za kufulia. Hoteli nyingi kati ya Malindi na Diani zinapikia juu ya vyuma vilivyokuwa vikipikia mabaharia, ila meneja hatakwambia.

Unashuka Bhavnagar, jimbo la Gujarat, unachukua gari kuelekea kusini, saa moja na ushei. Kabla hujaiona bahari unaanza kuona maduka kandokando ya barabara, wenyewe wanayaita khada. Kila khada na lake. Huyu ana magodoro tu, yamepangwa hadi juu ya paa. Yule milango tu. Mwingine maboti ya kuokolea watu, ya rangi ya chungwa, yamepinduliwa kama makasa. Mwingine vikombe na sahani, kilo kwa kilo. Ukisema unatoka Mombasa, mwenye duka anakuagizia chai na kuanza kuulizia mjomba wake wa Biashara Street. Watu wa pwani ile na sisi tumejuana kabla ya hizo meli za stimu.

Meli yenyewe hairuhusiwi kutazamwa ovyo. Kila kiwanja kina ukuta, geti na mlinzi, na kamera ni marufuku. Mimi huingia na wakala wangu, tena kwa kusudi moja, kutazama jiko kabla halijang'olewa ili nijue ninanunua nini.

Namna inavyopandishwa: ghuba ya Khambhat ina kupwa na kujaa kwa ajabu, maji ya bamvua yanapanda kiasi cha mita kumi. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndizo za kupandisha. Meli inasubiri nje, nyepesi, omo imeinuliwa. Maji yakijaa nahodha anapewa alama za kiwanja chake ufukoni, anaifungulia injini yote na kuielekeza nchi kavu. Niliyoishuhudia ilikuwa ya mizigo. Nilitegemea kishindo. Hakuna. Inakuja, inakuja, inaanza kuchoka, inasimama. Dohani ikaendelea kutoa moshi kidogo, kisha injini ikazimwa na mabaharia wakaanza kuteremka kwa ngazi ya kamba na mabegi yao. Saa chache baadaye maji yamekupwa, unaona mpaka usukani na rafadha juu ya tope. Rafadha ni shaba. Hiyo ndiyo mali ya kwanza kuhesabiwa.

Kabla ya hapo yako mambo ya makaratasi. Mwenye meli hauzi moja kwa moja kwa mwenye kiwanja, anauza kwa mtu wa kati anayelipa taslimu. Huyu anabadilisha jina na bendera kwa ajili ya safari moja tu, ya mwisho. Bendera za Palau, za Saint Kitts na Nevis, na za majirani zetu Komoro zimefanya sana kazi hii. Jina nalo wakati mwingine hawapotezi hata rangi, wanafuta herufi tu. Windsor Castle, meli kubwa ya posta ya kwenda Cape Town, Mgiriki mmoja alishaigeuza Margarita L. Ilipoletwa Alang 2005 iliandikwa Rita.

Na bei haihusiani na zile tani mnazosoma kwenye vitabu. Zile tani 14,000 na kitu za Uganda ni kipimo cha nafasi ya ndani, si uzito. Mvunjaji anataka uzito wa meli tupu, bila mafuta, bila maji, bila mzigo. Anazidisha kwa bei ya siku ile, basi. Ngazi ya mviringo ya daraja la kwanza, mbao za kuchonga, kioo cha fundi maarufu, vyote kwenye hesabu yake ni sifuri, au ni gharama ya kuvitoa.

Ukataji unaanzia omo kwa sababu ndiyo iliyo karibu na nchi. Kwanza mafuta yanatolewa, gesi inapimwa, ndani kunavuliwa vyote vinavyouzika. Halafu vijana wa mitungi ya gesi ya kukatia wanaingia. Wengi wanatoka mbali, Odisha, Bihar, Uttar Pradesh. Kipande kikubwa kama nyumba kinaachwa kianguke kwenye maji au tope, na hapo ndipo unaposikia kile kishindo nilichokitegemea mwanzo. Kisha kinakatwa vipande vya kubebeka. Kila meli inapopungua uzito inavutwa juu zaidi kwa winchi, mpaka inakuja kuisha yenyewe kwa tezi. Mabamba yanakwenda Sihor na Bhavnagar, hayayeyushwi hata, yanapashwa moto na kupitishwa kwenye mitambo yakawa nondo.

Meli ya maana niliyoikuta pale ni France. Wao waliiita Blue Lady. Mita 315, dohani mbili zenye mbawa, nadhani hakuna asiyeijua kwa picha. Ufaransa waliisimamisha 1974, Wanorwe wakainunua 1979 wakaiita Norway, ikafanya Karibiani miaka mingi. Mei 2003 boila ikalipuka bandarini Miami, wakafa mabaharia wanane. Ikavutwa Ujerumani, na 2005 ikaondoka Ujerumani kwa maelezo kwamba inakwenda kutengenezwa Asia. Ikakaa Malaysia, halafu 2006 ikaonekana Alang. Watetezi wa mazingira wakaenda Mahakama ya Juu ya India kwa sababu ya asbesto, maana ndani yake ilikuwa zaidi ya tani 1,000 za vitu vyenye asbesto. Septemba 2007 mahakama ikaruhusu ikatwe.

Nilipoiona mimi omo lilikuwa limeshakwenda. Unatazama kutoka mbele unaona ghorofa juu ya ghorofa, vyumba viko wazi, kila chumba na rangi yake, masinki ya kunawia yananing'inia kwa mabomba. Chini yake vijana wanakata, wengine wamejifunga kitambaa cha kichwa puani, ndiyo barakoa yenyewe hiyo. Wakala wangu aliniambia nisogee nyuma, na nilisogea. Wao hawakuwa na pa kusogea. Watu wakilia kwenye mitandao kuhusu France, huwa wanalia kuhusu ukumbi wa chakula.

Kigoma_Mjini

Mzee umeandika vizuri lakini mbona unasema kama vile chombo cha zamani hakina budi kukatwa? Liemba wetu je? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927, na imebeba watu Ziwa Tanganyika miaka mingi. Nimepanda toka mtoto. Mtu akisema makumbusho, mimi nasema meli ni ya kupanda kwa tiketi, si ya kutazama.

Bandari_Rotterdam (Uholanzi)

Naunga mkono Kigoma. Huku nilipo kuna ss Rotterdam, ya 1959, mimi na mke wangu tuliipitia mara nyingi, unalala, unakula, injini unatembezwa kuona. Kwa hiyo inawezekana. Serikali zetu zingekuwa na nia, ile Uganda ingekuwa Mombasa leo watalii wanapanga foleni. Tatizo letu Waafrika Mashariki ni kutothamini vya kwetu.

Dalali_wa_Chuma

Kigoma, Liemba naipa heshima zote, na umenisaidia hoja yangu. Kwanza, Liemba ilikuwa kazini na abiria wake miaka nenda miaka rudi, haikuhitaji huruma ya mtu. Pili, Tanganyika ni maji baridi. Weka chuma hicho hicho Kilindini uone chumvi itakavyokifanya. Meli ya baharini isipopanda chelezoni kila baada ya miaka michache kukwanguliwa na kupakwa rangi, inajitoboa yenyewe hapo ilipofungwa.

Bandari, ile Rotterdam ni mfano mzuri, lakini malizia hesabu. Walioiokoa ni shirika la nyumba za kupangisha, Woonbron. Gharama zilivuka yuro milioni 200, na 2013 wakaiuza kwa karibu milioni 30. Shirika la nyumba za watu wa kipato cha chini! Mimi sina ugomvi na uzuri wake, ila niambie ni wizara gani huku, mwaka 1986, ingetoa hata sehemu ya kumi ya hizo pesa kwa meli ambayo wananchi wengi walikuwa wanaijua kwa kuipakia mizigo tu. Na neno "vya kwetu" nalo lina mambo yake. Majina yalikuwa yetu. Daraja la kwanza lilikuwa la nani? Muulize babu wa mwenye uzi kama aliwahi kupita zaidi ya pale penye mizigo.

Marekani ndiyo tajiri wa dunia, tazama walivyofanya. United States, meli ya 1952, iliyovuka Atlantiki kwa siku tatu na saa kumi na kitu, rekodi ambayo hakuna meli kubwa ya abiria ya namna ile iliyoivunja. Ilisimamishwa 1969. Kuanzia 1996 ilikuwa imefungwa Philadelphia, inamenyeka rangi, ndani tupu, wapenzi wake wanachanga kulipa kodi ya gati. Mwishowe mwenye gati akataka nafasi yake. Oktoba 2024 wilaya ya Okaloosa, Florida, ikainunua, na Februari 2025 ikavutwa kwenda Mobile, Alabama, kusafishwa ili ikazamishwe iwe miamba ya samaki na wapiga mbizi.

Mwana_wa_Kibokoni

Yaani inazamishwa kwa makusudi? Hivyo vyuma vyote?

Dalali_wa_Chuma

Kwa makusudi, na mimi naona ni mwisho mzuri kuliko kukaa miaka karibu thelathini ikiomba sadaka gatini. Samaki hawalipishi kodi.

Sijasema kila kitu kikatwe. Ninachosema, tuache kuitazama Alang kama dhambi na Rotterdam kama pepo. Mahali pa kukatia meli pana haja, la sivyo zitazamia kwenye bandari zetu kama zile matishari zinazooza mnazoziona. Kinachostahili kelele ni namna. Gadani, Novemba 2016, meli ya mafuta ililipuka ikikatwa, wakafa wafanyakazi zaidi ya ishirini. Uzi wa hiyo humu sikuuona. Sheria ya kimataifa ya uvunjaji, ile ya Hong Kong, ilipitishwa 2009 ikaanza kufanya kazi Juni 2025. Miaka kumi na sita ya kutafutana! Alang ya sasa si ile niliyoianza mimi, viwanja vingi vimemwagwa zege, kofia na glavu unaziona, vipande vinashushwa kwa kreni. Bado ni kazi ya kuua mtu akizembea, au akizembewa.

Sasa swali la sahani, maana ndilo nililojia mwanzo nikapotea.

Za Kenya sahau kupata Alang, ile iliishia Italia. Za Uganda nazo, meli iliyolala ubavu baharini mpaka 1992 haitoi samani, inatoa kilo. Kinachozunguka sokoni ni vitu vilivyotoka na abiria na mabaharia meli zikiwa hai: kadi za chakula, visahani vya sigara, vijiko, postikadi. Uingereza ndiko viliko, kwenye minada ya mtandaoni, na si ghali. Ukinunua kijiko hakikisha kina alama ya kampuni nyuma ya mpini, si stika.

Khada za Alang zisikudanganye. Kila muuzaji ana kitu cha "ndugu yake Titanic". Ndugu yake Titanic ni Olympic, ilivunjwa Uingereza tangu 1935, Jarrow, na gamba likamaliziwa Inverkeithing. Na walifanya kistaarabu, vitu vya ndani vilipigwa mnada, ndiyo maana mbao za ukumbi wake hadi leo ziko ukutani White Swan, hoteli moja ya mji wa Alnwick. Watu wanakula chakula cha jioni ndani ya Olympic bila kutoka nchi kavu. Hata ile France ilipata kidogo: kipande cha pua kilitolewa kizima, kikapigwa mnada Paris Februari 2009, sasa kimesimamishwa Le Havre, bandari yake ya nyumbani. Ukiuliza kwa nini pua ilipona na ngazi haikupona, jibu ni lile lile. Yuko mtu aliyeitaka, akaja na pesa kabla ya mtungi wa gesi.

Ukitaka kujua samani ya meli ya kweli, usisikilize maneno, pinduapindua. Meza ina ukingo ulioinuka pande zote ili vitu visiteleze bahari ikichafuka. Droo huwezi kuivuta moja kwa moja, lazima uinyanyue kidogo kwanza. Kiti cha ukumbi wa chakula cha meli za enzi ya babu, kigeuze: chini ya kikalio utakuta ndoano au kitundu cha mnyororo wa kukifunga sakafuni. Ninacho kimoja dukani, mbao nyekundu nzito, kitundu cha shaba kimelika upande mmoja kwa kuvutwa miaka. Sijui ni cha meli gani, na muuzaji aliposema Amerikanis nilicheka, maana kwake vyote ni vya meli atakayoitaja mteja. Nilikinunua hata hivyo kwa bei ya kuni.

Mlete babu siku moja akikalie. Hakiuzwi lakini.

Muttrah_Sokoni (Muscat)

Ile droo ya kunyanyua! Tulikuwa nayo nyumbani, sisi watoto tuliona imeharibika. Nampigia mama sasa hivi.

Mwana_wa_Kibokoni

Nimemuuliza babu habari ya daraja la kwanza. Anasema alipanda mara moja tu, kumfuata ofisa wa meli asaini karatasi, na alichokumbuka ni zulia, akawa anaogopa viatu vyake vina vumbi la saruji. Ami amesema hiyo hatujawahi kuisikia. Jumamosi baada ya alasiri tunakuja dukani inshallah, nitumie mahali.

Upishi_Likoni

Samahani wakuu, natoka nje ya mada. Mzee Dalali, mashine ya kukandia unga ya kilo 25 unazo? Ya umeme wa kawaida, si ile ya nyaya tatu.

Dalali_wa_Chuma

Ninayo moja, ya Kiitaliano, bakuli lake halina kovu. Umeme wa meli una mambo yake, mota nimeshabadilisha. Njoo inbox, na uje Jumamosi asubuhi, mchana nina mgeni.